Alichoniambia Nikimsuka

Mtoto wa kaka yangu ameniruhusu kuandika haya kwa sharti moja, nisitaje jina la mtu. Nilimwomba ruhusa kwa ujumbe wa simu, ujumbe mrefu wenye salamu za watu wote na habari za goti langu, na yeye akajibu maneno matatu: "Andika. Majina hapana." Basi majina hapana. Mimi mniite shangazi, na kusema kweli cheo hicho ndicho kilichoniponza.

Kwetu Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, shangazi ana kazi. Haji kwenu kula biskuti na kukuuliza umepata alama ngapi. Binti akivunja ungo hamwambii baba yake, Mungu apishe mbali, anamwambia dada wa baba yake. Shangazi ndiye anayemfundisha kujisitiri na kujitunza, kisha anakwenda kwa kaka yake, anakohoa kidogo, anasema, "Mtoto wako amekua." Baba anatazama pembeni, anaitikia, kesho yake ananunua kuku. Jambo limekwisha na hakuna aliyeona haya. Mimi nililelewa hivyo, na tulipofika Ubelgiji na kaka yangu, wakimbizi wawili tusiojua hata kufungua dirisha la treni, nilikuja na ushangazi wangu mzima mzima.

Tulikaa Saint-Gilles, ndani ya mji mkuu, katika zile nyumba ndefu za zamani zilizogawanywa vyumba. Kaka yangu, mke wake na binti yao mmoja walikuwa ghorofa ya tatu, mimi peke yangu mtaa wa pili, karibu na stesheni ya Midi. Kaka alipakia mizigo uwanja wa ndege mpaka presha ikamshika, akahamishiwa kazi ya mezani. Mimi nilisuka nywele kwenye saluni za Galerie d'Ixelles, na ninasuka mpaka leo. Miaka ishirini na mbili ya kusimama. Ndiyo sababu ya goti.

Watoto wa wenzetu huku humwita dada wa baba "tantine". Kaka yangu alikataza. "Huyu ni shangazi yako," alimwambia binti yake, "tantine ni mtu yeyote." Kwa hiyo mtoto alikua akijua kazi yangu. Alipotaka kuacha Kilatini, aliniambia mimi. Alipotaka kwenda na darasa lake kwenye theluji, aliniambia mimi. Ijumaa baada ya sala nilipanda ngazi zile za ghorofa ya tatu, nikanywa chai ya tangawizi, nikakohoa, nikasema. Kaka yangu alitazama dirishani. "Mwambie sawa," alisema, au, "Mwambie asubiri." Baba na mtoto walilala nyumba moja, wakala sahani moja, na maneno yao yalizunguka mtaa mzima yakipita kwangu. Wifi yangu alikuwa akicheka na kusema nyinyi mna posta yenu. Mimi nilijivunia posta ile kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho nchi hii.

Alikuwa na miaka kumi na mitano siku aliyoniambia. Jumapili, saluni imefungwa, tuko jikoni kwangu. Amekaa chini kwenye mto, mabega yake katikati ya magoti yangu, namsuka rasta ndogo ndogo alizozipenda. Yeyote aliyewahi kusuka anajua kwamba mtu akikupa kisogo ulimi wake unalegea. Nimesikia ndoa ngapi zikivunjika hivyo, na mimi nikisema "mm" tu na kuvuta uzi.

"Shangazi," akasema, "yule rafiki yangu wa darasani."

"Yule mrefu?"

"Ndiyo. Si rafiki tu. Nampenda. Nampenda kweli, yaani kama... kama mtu anavyompenda mchumba."

Mikono yangu ikasimama. Yule mrefu ni msichana, nilikuwa nimemsuka pia.

"Continue, s'il te plaît," akasema, bila kugeuka. "Endelea kusuka."

Nikaendelea. Naona haya kuandika niliyosema, lakini nimeahidi nafsi yangu kutojipaka mafuta. Nilimwambia itapita. Nilimuuliza nani amemfundisha. Halafu nikamuuliza kama anataka kuwa mwanaume, na hapo akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Hapana, shangazi. Mimi ni msichana, na najua mimi ni msichana. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Unampenda nani ni jambo moja. Wewe mwenyewe unajijua kuwa nani ni jambo lingine. Kuna kijana darasani kwetu, wote walimwita msichana tangu azaliwe, na yeye anajua ni mvulana. Huyo ni huyo. Mimi ni mimi. Umeelewa?"

Sikuelewa. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, mtoto ananifundisha akiwa ameinamisha kichwa, na maneno yote niliyokuwa nayo juu ya watu wa namna ile yalikuwa maneno ya kutupiana mtaani, ambayo huwezi kumwambia mtoto unayempenda. Kwa hiyo nikakaza nywele kupita kiasi. Alivumilia. Nilipofika masikioni akasema, "Hii usimpelekee baba. Bado."

"Sawa," nikasema.

Niliishika siku tano. Sikuwa na nia mbaya, na wala sisemi hivyo kujitetea, nasema tu ilivyokuwa. Niliogopa. Niliona kaka yangu atasikia kwa watu, pale msikitini au kwenye treni, na akisikia kwa watu atavunjika. Akiipata kwangu ataisikia taratibu, nami nitaipangia maneno, kama nilivyoyapanga ya Kilatini. Na kulikuwa na kiburi ndani yake. Jambo kubwa kuliko yote limenifikia, halafu nikae nalo? Mimi? Ijumaa nikapanda ngazi, nikanywa chai, nikakohoa.

Kaka yangu hakupiga kelele. Hakumgusa mtoto, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Alitazama dirishani muda mrefu, akasema, "Mwambie asiende tena na yule." Baada ya hapo akaacha kusema naye kabisa. Mtoto akimwamkia anaitikia kwa kichwa. Mezani akitaka chumvi anamwomba mke wake, na chumvi iko mbele ya binti. Wifi yangu akaita mzee mmoja aje kumsomea dua, mzee wa watu akasoma, mtoto akakaa pale na kitambaa kichwani akisubiri amalize. Kuna nyumba ambamo mtoto anafukuzwa kwa fimbo. Yeye alifukuzwa kwa kimya, na ufunguo ulitoka mkononi mwangu.

Wiki ya tatu alikuja kwangu na begi la shule. Hakuniamkia. Akachukua ule mto, akauweka chini, akakaa pale pale.

"Nifumue," akasema.

"Zina wiki tatu tu, bado nzuri."

"Nifumue, shangazi."

Nikamfumua. Kufumua rasta ndogo ni kazi ya saa mbili na zaidi, moja moja, kwa ncha ya chanuo. Nilikuwa nalia, machozi yakimwangukia kwenye nywele, naye alijua, akaacha yaanguke. Nilipomaliza akasimama, nywele zimesimama hovyo, hakutaka hata nimchane.

"Nilikuambia bado," akasema. "Neno moja tu nilikuomba ushike."

Akashuka ngazi. Hakurudi kwa baba yake. Alikwenda kwa mama mmoja pale shuleni, yule anayeshughulikia shida za wanafunzi, na kwa njia zao za kiserikali wakampatia nafasi katika nyumba ya vijana, mji mwingine. Kaka yangu aliitwa kusaini karatasi. Alisaini.

Mimi nilikwenda shuleni nikiwa nimevaa vizuri, nikamwambia yule mama kwamba mimi ni shangazi na nataka kujua mtoto amepelekwa wapi. Akanikaribisha kahawa. Akasema, "Madame, siwezi kukuambia mpaka yeye aruhusu." Nikamwambia mimi ni shangazi yake, akasema ndiyo, nimesikia. Nikapandisha sauti. Nilisema mambo mengi juu ya Wazungu na nyumba zao, mengine ya haki na mengine ya hasira, na yeye alikaa pale ananisikiliza, hakujibu hata moja. Nimefika katikati ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, watu wananipita na mifuko yao, ndipo nikaona kwamba mgeni yule, asiye na damu hata tone moja na sisi, ameshika neno la mtoto wetu mbele ya mtu anayemfokea, na mimi nililiachia kwa kikombe cha chai. Nikakaa kwenye benchi la basi. Mabasi matatu yalipita.

Kesho yake nilirudi kuomba radhi. Akanikaribisha kahawa tena, akasema barua nikiandika ataifikisha. Nikaandika mistari minne. Halafu akaniambia kuna kituo cha vijana Saint-Gilles, Jumatano mchana shule zikifungwa mapema, wanakuja watoto wenye maswali kama ya binti yetu, na wengine wasio na swali lolote ila hawataki kukaa peke yao. Wanatafuta mtu mzima wa kwetu, anayejua Kiswahili na Kirundi na desturi zetu. Nilikubali palepale, na nilikubali kwa uongo. Nilidhani Jumatano moja mlango utafunguka aingie yeye.

Hakuingia. Waliingia wengine. Kwanza nilikaa kona na uzi wangu sijui niseme nini. Binti mmoja wa Kikongo akaniuliza kama nasuka kweli. Nikamwambia njoo. Basi ikawa hivyo, kila Jumatano nina mto wangu, chanuo langu, na anayekaa chini anasema anachotaka, uso ukutani. Kijana mwendesha kikundi, aliyesomea kazi hiyo, ndiye anayeeleza mambo kitaalamu. Mimi nilikuwa najifunza pamoja nao, na nilikuwa mwanafunzi mbishi. Nilimuuliza mara tatu kama mtu akipenda wote wawili, wanaume na wanawake, si amekosa kuamua tu? Watoto wakacheka mpaka wakaegemeana. Mmoja akaniambia, "Maman, wewe unapenda chai na kahawa. Tukulazimishe kuchagua?" Nikamwambia mimi kahawa sipendi, naipokea kwa adabu. Lakini nilielewa.

Nilielewa polepole kama mtu anayejifunza njia za mji mpya, kwa kupotea. Kwamba wapo wanaojijua tofauti na walivyoandikwa siku ya kuzaliwa, na hilo halisemi lolote juu ya wanayempenda. Kwamba wengine hawana uhakika bado, nao hawadaiwi jibu na mtu. Kwamba hakuna aliyewafundisha. Wangefundishwa na nani, Buyenzi hapo au Bukavu? Mtoto mmoja wa kwetu, Mwislamu, aliniuliza kama Mungu anamchukia. Nikamwambia mimi si mwanachuoni. Nikamwambia ninayemwomba mara tano kwa siku ndiye aliyekuumba wewe, na sijasikia popote akisema alipitiwa. Nilipomaliza kumsuka akaomba maji ya kunywa.

Wazazi nao walianza kuja, hasa akina mama wa Kikongo, waliosikia habari za saluni yangu ya Jumatano. Mmoja wa Kivu alikaa mbele yangu akipangusa macho. "Mutoto yangu anasema haiko binti," akaniambia. "Alors, mimi nifanye namna gani?"

"Leo amekula?" nikamuuliza.

"Bado."

"Nenda umpikie. Akikuambia jambo, sikiliza, halafu ufunge mdomo. Usimpelekee papa, usimpelekee pasta, usimpelekee hata mimi."

Nililisema hilo kila Jumatano, kwa sauti kubwa, kwa kidole. Ukiambiwa, funga mdomo. Watoto walinipenda kwa hilo. Mimi pia nilijipenda kidogo, baada ya muda mrefu wa kutojipenda.

Barua yangu ilijibiwa baada ya miezi saba, kwa namba nisiyoijua. "Ni mimi. Niko Liège, niko salama. Usimpe mtu namba." Sikumpa mtu. Tukaanza kuandikiana, salamu tu, picha ya mvua, picha ya sufuria lake la kwanza la maharage. Na yule rafiki mrefu walikuwa wameachana zamani, akaniambia, bila makuu. Alikata nywele zote. Alitimiza miaka kumi na minane. Siku moja, mwezi wa kwanza, akanipigia, mara ya kwanza nasikia sauti yake tangu siku ya kufumua, na ilikuwa imekua nzito.

"Shangazi, namkumbuka baba," akasema. "Nafikiria Idi nije nyumbani. Lakini usimwambie. Bado."

"Sawa," nikasema. Na safari hii nilijua nitaweza.

Kaka yangu, katika miaka ile, alikuwa amezeeka upande mmoja, sijui niseme vipi. Kitanda cha mtoto kilikuwa kimetandikwa, na ni yeye aliyekuwa akibadilisha shuka, wifi yangu ndiye aliyeniambia. Ijumaa nilipanda ngazi nikanywa chai, na sasa yeye ndiye aliyekohoa. "Kuna neno lolote?" aliniuliza, akitazama dirishani.

"Hakuna," nilimjibu. Ijumaa ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilikuwa nimeshika neno la mtoto, lilinichoma ulimi, nikalimeza na tangawizi. Nikishuka ngazi nilijiambia umeweza, mama, umeweza.

Ijumaa moja hakuuliza. Alinimiminia chai mwenyewe, jambo asilolifanya kamwe, akasema, "Ukimpata, mwambie..."

Nikainua mkono. "Kaka, mimi sibebi tena. Kama una neno, litakwenda kwa mdomo wako. Nimeapa."

Akanitazama. Akaitikia kwa kichwa, kama alivyozoea, akarudisha birika mezani. Tukazungumza habari za goti langu.

Alianguka kazini Jumanne iliyofuata, asubuhi, karatasi mkononi. Hawakuwahi kumfikisha hospitali akiwa hai. Idi ilikuwa imebaki wiki sita. Nilimpigia mtoto mimi mwenyewe, nikasema, na upande wa pili nikasikia treni zikitangazwa, maana alikuwa stesheni akielekea darasani, na kwa muda mrefu tukasikiliza wote wawili lile tangazo.

Siku hizi, Jumatano, mtoto akianza kunieleza jambo, naweka chanuo chini na kumuuliza kwanza. Hili nikae nalo, au nilipeleke? Kama nilipeleke, kwa nani, na lini? Kisha namuuliza tena wiki inayofuata, kwa sababu mtu hubadilika. Yule kijana mwendesha kikundi ameliandika swali langu ubaoni, anadhani nimelitoa kwenye hekima. Nimelitoa siku ya tatu ya msiba.

Siku hiyo mtoto wetu alikuja. Nyumba imejaa wanawake, ghorofa ya tatu, viatu mpaka kwenye ngazi. Aliingia na kichwa chake kilichonyolewa, kitambaa begani, mama yake akamwangukia na wakalia mpaka watu wakawatenganisha. Mzee aliyewahi kumsomea dua alikuwa chumba cha wanaume. Baadaye akanikuta jikoni naosha vikombe. Akachukua kitambaa akaanza kufuta. Mikono yake ni ya baba yake, vidole vinene vile vile.

"Alisema nini?" akaniuliza.

"Nani?"

"Baba. Ulipomwambia nataka kuja Idi. Alisema nini?"

Nikafunga bomba. "Sikumwambia. Ulisema bado."

Akaacha kufuta. Alinitazama kama mtu anayesubiri niseme natania.

"Lakini wewe unabeba," akasema. "Wewe siku zote unabeba. Hata niliposema bado, nilijua utampelekea. Nilikuwa nangoja baba aseme sawa."

Sikuwa na mahali pa kushika isipokuwa beseni. Nikashika beseni. Nikamwambia kwamba kila Ijumaa baba yake aliniuliza kama kuna neno, nami nikamjibu hakuna. Nikamwambia habari za kitanda. Nikamwambia na ile Ijumaa ya mwisho, kwa sababu ilikuwa yake na nilikuwa nimeikalia, kwamba alinimiminia chai akasema, ukimpata, mwambie.

"Mwambie nini?" akaniuliza.

Sebuleni walikuwa wameanza kusoma Kurani. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, anangoja.

"Sijui," nikasema. "Nilimkatiza."